Mafunzo ya Maktaba Yaanze kwa Anayekaa Kaunta

Barua ya mwaliko wa mafunzo inapofika katika maktaba nyingi za Uganda, huwa imeandikwa kwa jina la mkuu wa maktaba, na mara nyingi mkuu huyo ndiye anayekwenda. Anakwenda Kampala au Entebbe, anakaa siku tatu katika ukumbi wa hoteli, anasikiliza mada kuhusu hazina za kidijitali na usimamizi wa mabadiliko, anapewa cheti, kisha anarudi kwenye ofisi yake yenye mafaili ya mishahara na ankara za umeme. Wakati huo wote, mtu aliyebaki kaunta, yule anayempokea msomaji, anayerudisha vitabu kwenye rafu na anayejibu swali la kwanza la siku na la mwisho, hakuongezewa chochote. Nimefanya kazi katika maktaba za mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, kwa muda wa kutosha kuuona mtindo huu ukijirudia, na nimefikia msimamo ambao nataka kuutetea hapa: fedha na saa za mafunzo tulizo nazo, hata zikiwa chache namna gani, zianze kwa mhudumu wa kaunta, na ziwekwe ndani ya saa za kazi badala ya kusubiri mwaliko kutoka nje.

Sisemi kwamba wakuu wasisome. Mkuu wa maktaba asiyejisomea huwa mzigo kwa taasisi nzima, na nawafahamu wakuu waliotoka kwenye mkutano mmoja wakarudi na wazo lililobadilisha maktaba yao. Ninachosema ni kwamba mgawanyo umeelemea upande mmoja. Katika maktaba ya chuo kikuu, juu kuna watu wenye shahada za uzamili na uzamivu, na chini yao kuna wasaidizi wenye cheti au diploma ambao ndio wanaogusa vitabu kila siku. Katika maktaba ya wilaya unaweza kumkuta mtu mmoja mwenye diploma pamoja na wenzake walioletwa kutoka idara nyingine kwa sababu huko hapakuwa na nafasi. Katika shule ya sekondari, mara nyingi mwalimu wa Kiingereza ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Anafungua maktaba wakati wa mapumziko ya mchana, na hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kuingiza kitabu kipya kwenye daftari la mali. Katika maktaba za kijamii, zile zilizoanzishwa vijijini kwa nguvu za wenyeji na marafiki zao, mhudumu ni kijana aliyemaliza sekondari na anayependa kusoma. Hao ndio wanaozibeba maktaba za Uganda, na yeyote anayepanga mafunzo bila kuwahesabu anawapangia wachache.

Hali hii ina historia yake. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere mwaka 1963, kwa msaada wa UNESCO, ili kuandaa wakutubi wa nchi zote tatu zilizokuwa zikipata uhuru wakati huo. Mwaka 1964 ikaja Sheria ya Maktaba za Umma, ikaundwa Bodi ya Maktaba za Umma, na kwa miongo kadhaa bodi hiyo ndiyo iliyosimamia matawi ya mikoani. Baadaye majirani zetu wakajijengea vyao: Kenya ikaanzisha kitivo chake katika Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, na Tanzania ikawa na chuo cha Bagamoyo kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Shule ya Makerere ilibaki kuwa yetu, ikakua, na leo imo ndani ya Chuo cha Kompyuta na Sayansi za Habari cha chuo kikuu hicho. Kwa hiyo nchi hii haina uhaba wa mahali pa kusomea ukutubi kwa kiwango cha shahada. Pengo limejitokeza baada ya mtu kuajiriwa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ilizikabidhi wilaya maktaba za umma, na Sheria ya Maktaba ya Taifa ya mwaka 2003 ikaleta Maktaba ya Taifa ya Uganda mahali pa bodi ya zamani. Maktaba ya Taifa inashauri, inagawa vitabu na inaendesha mafunzo kadiri inavyoweza, lakini anayemwajiri mhudumu wa wilayani ni wilaya, na wilaya hiyo hiyo ina barabara mbovu, zahanati zisizo na dawa na madarasa yasiyo na madawati. Mafunzo ya mhudumu wa maktaba yanapogombea shilingi na dawa za malaria, hakuna mwenye shaka ni nani atakayeshinda.

Ndiyo maana mwongozo mmoja wa Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba, IFLA, uliotolewa mwaka 2016 kuhusu kujiendeleza kitaaluma, umenisaidia kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuzisikia. Mwongozo huo unaanza kwa kumwambia mtumishi mwenyewe kwamba jukumu la kwanza la kujifunza ni lake, kisha unamgeukia mwajiri na kumwekea viwango: asilimia 0.5 hadi 1 ya bajeti ya taasisi itengwe kwa ajili ya kuwaendeleza watumishi, na takriban asilimia 10 ya saa za kazi zitumike kwa mafunzo, mikutano na kujisomea.

Tuvipime viwango hivyo kwa hali zetu. Chukua maktaba ambayo bajeti yake ya mwaka ni shilingi milioni 20. Asilimia 0.5 ni shilingi laki moja, na asilimia 1 ni laki mbili. Kiasi hicho hakimfikishi hata mtu mmoja kwenye semina ya hotelini iwapo atalipiwa nauli, malazi na posho. Lakini asilimia 10 ya wiki ya saa 40 ni saa 4, yaani nusu siku kila wiki kwa kila mtumishi, na saa hizo tayari zimeshalipiwa na mshahara. Hapo ndipo penye utajiri wetu. Fedha hatuna, ila saa tunazo, na saa za alasiri katika maktaba nyingi za wilaya, wanafunzi wakiwa bado darasani, hupita bila kazi nzito. Laki mbili zile zikiongezwa juu ya saa hizo hununua bando la intaneti, karatasi, gundi ya kurekebishia vitabu vilivyong'oka jalada, na nauli ya mkutubi wa wilaya jirani anayekuja kufundisha jambo analolijua vizuri kuliko sisi.

Kwetu tulichagua Jumatano mchana. Mtu mmoja hubaki kaunta kwa zamu, wengine huketi kwenye meza ya nyuma, na somo la wiki hutoka kwenye daftari linalokaa chini ya kaunta, ambamo kila mhudumu huandika swali la msomaji aliloshindwa kulijibu. Daftari hilo lina thamani kubwa kuliko mtaala wowote ambao ningeweza kuutunga ofisini. Linaonyesha wasomaji wanataka nini na sisi tumepungukiwa wapi, tena kwa maneno yao wenyewe.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu. Baada ya Baraza la Mawaziri kuamua mwezi Julai mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, walimu na wanafunzi walianza kuja kuulizia vitabu vya Kiswahili kwa wingi kuliko zamani. Daftari likajaa maandishi ya namna moja: ametaka tamthilia, hazikuonekana, ametaka mashairi, hayakuonekana. Tamthilia zilikuwepo. Mashairi yalikuwepo. Yote yalikuwa yamepangwa pamoja na kamusi na vitabu vya sarufi kwenye 496.392, kwa sababu mtu aliyeyapokea miaka mingi kabla yetu aliona jalada limeandikwa kwa Kiswahili, akatafuta Kiswahili kwenye jedwali la Dewey, mfumo wa namba za kupangia vitabu rafuni kwa mada, akapata namba hiyo, akaridhika. Katika mfumo wa Dewey, 496.392 ni mahali pa vitabu vinavyoielezea lugha yenyewe: sarufi, kamusi, matamshi. Fasihi ya Kiswahili hukaa 896.392, na tarakimu inayofuata hutaja utanzu: 1 ni ushairi, 2 ni tamthilia, 3 ni riwaya na hadithi. Kwa hiyo riwaya ya Kiswahili ni 896.3923. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa kwa Kiswahili hakikai na Kiswahili kabisa, hukaa 641.5 pamoja na vitabu vingine vya mapishi, na kitabu cha ufugaji wa kuku huenda kwenye kilimo.

Tulivileta vitabu vile mezani kwa mafungu, na kila mhudumu akapewa fungu lake alipangie namba. Mama mmoja aliyeanza kazi pale kabla yetu sote, ambaye hajawahi kuitwa kwenye semina hata moja, alishika riwaya mkononi akainyamazia kwa muda, kisha akasema: "Kumbe tunauliza kwanza kinahusu nini. Lugha inakuja kuulizwa baadaye, tena kwenye fasihi ndiyo inapewa nafasi kubwa." Amelieleza jambo hilo vizuri kuliko nilivyolisomewa chuoni. Tangu hapo yeye ndiye anayewafundisha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kupangia namba vitabu vya fasihi, na sijaona sababu ya kumwondoa kwenye kazi hiyo eti kwa kuwa hana shahada.

Somo hilo lilizaa lingine. Tunatumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba iliyotengenezwa New Zealand ambayo maktaba nyingi za vyuo vya Uganda zinaitumia, na wahudumu walikuwa wakiandika upya taarifa za kila kitabu, herufi kwa herufi, kwa saa nyingi. Ndani ya Koha kuna njia ya kutafuta taarifa za kitabu katika maktaba nyingine na kuzivuta zilivyo, kwa utaratibu unaoitwa Z39.50. Wengi hudhani njia hiyo inafaa kwa vitabu vya Ulaya na Marekani peke yake. Ukweli ni kwamba Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, na kuyaorodhesha. Kwa hiyo kitabu cha Kiluganda kilichochapishwa Kampala au riwaya ya Kiswahili iliyochapishwa Dar es Salaam kina nafasi nzuri ya kuwa na taarifa zilizoandaliwa tayari na mtaalamu, na mhudumu wetu huzipata kwa kuandika ISBN, namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye kitabu, na kubofya. Anachobaki nacho ni kazi ya akili: kuhakikisha kwamba ni chapa ile ile, kwamba namba ya Dewey inaafikiana na rafu zetu, na kwamba msimbo wa lugha umeandikwa swa kwa Kiswahili. Maarifa haya hayahitaji hoteli. Yanahitaji kompyuta moja, intaneti ya kuaminika kwa saa moja, na mtu aliyekwisha kufanya hivyo akae kando yako.

Kujibu maswali ni ujuzi mwingine unaodhaniwa kuwa mtu huzaliwa nao. Siku moja aliingia bwana mmoja akaomba kitabu cha sheria. Mhudumu asiyefundishwa angemwelekeza kwenye rafu ya 340 na kurudi kwenye kiti chake. Yule aliyekuwa zamu alikuwa ameshafanya mazoezi ya kuuliza, akamwambia kwa heshima: "Mzee wangu, sheria ni nyingi. Kuna jambo gani linalokusumbua?" Ikabainika kuwa mzee ana kibanja, yaani kipande anachokaa kwenye ardhi ya mtu mwingine, na mwenye ardhi anataka kumwondoa. Alichohitaji ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, sehemu inayohusu wakaaji wenye haki, na maelezo ya mahali pa kupata msaada wa kisheria. Maswali mawili ya adabu yalimwokolea mzee huyo mchana mzima. Sisi huyafanya mazoezi hayo kwa kuigiza: mmoja anakuwa msomaji mwenye haja aliyoificha, mwingine anakuwa mhudumu, wengine wanasikiliza na kusema ni swali gani lilifungua mlango. Wazee wa kazi hucheka mwanzoni, kisha huwa ndio wenye bidii zaidi.

Yapo pia maarifa ya kujua kilichopo nje ya kuta zetu. Muuguzi anayesoma ili apande daraja alikuja akitafuta makala mpya kuhusu kutokwa na damu baada ya kujifungua, na akaambiwa hatuna. Ni kweli kwamba rafuni hatukuwa nayo. Lakini tangu mwaka 2002 kuna Hinari, mpango wa kusomea majarida ya afya mtandaoni ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, ambao leo umo ndani ya Research4Life pamoja na mingine ya kilimo, mazingira, teknolojia na sheria, na taasisi za Uganda zimo katika kundi linaloruhusiwa kuutumia bila malipo. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi. Kwa hiyo jibu sahihi kwa muuguzi yule lilikuwa kumuuliza hospitali au chuo chake kimesajiliwa, na ni nani pale anayetunza nenosiri, kisha kumwonyesha makala za bure za PubMed Central, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, wakati akisubiri. Research4Life ina kozi zake za mtandaoni ambazo mtumishi wa maktaba anaweza kuzifuata bila ada. Nimeona nenosiri la Hinari likikaa miaka katika droo ya mtu mmoja katika taasisi ambayo sitaitaja, wauguzi wakinunua nakala za zamani mjini. Mafunzo yalikuwa yamefanyika. Aliyefundishwa ndiye aliyekuwa na droo.

Hapo ndipo ninapoingiwa na uchungu na semina zetu. Sina ugomvi na chai wala na posho, kwa maana mtu anayesafiri kutoka Arua au Kotido hadi Kampala lazima ale na alale. Ugomvi wangu ni kwamba semina hupimwa kwa idadi ya waliosaini karatasi ya mahudhurio, na baada ya hapo hakuna anayeuliza lolote. Ningependa kila mfadhili na kila idara iweke sharti moja jepesi: anayekwenda, akirudi, awafundishe wenzake ndani ya wiki mbili, na ripoti ya kikao hicho cha pili ndiyo ifunge hesabu za safari. Sharti hilo lingewabadilisha hata watoa mada, kwa kuwa wangelazimika kuandaa vitini vinavyoweza kufundishika tena na mtu ambaye si wao.

Nafasi zenyewe zipo, na nizitaje kwa ufupi. Chama cha wakutubi wa Uganda, ULIA, huwakutanisha watu wa taaluma hii, na kwa kanda nzima kuna SCECSAL, mkutano wa vyama vya maktaba vya Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambao ulifanyika Kampala mwaka 2004 na Entebbe mwaka 2018. Muungano wa maktaba za vyuo vikuu vya Uganda, CUUL, huwaunganisha wanachama wake katika kununua majarida ya kielektroniki na katika mafunzo ya kuyatumia. Chama cha maktaba za kijamii, UgCLA, kilichoanzishwa mwaka 2007, kwa maoni yangu ndicho kilicho karibu zaidi na mhudumu asiye na cheti, na maktaba kama ile ya Kitengesa, karibu na Masaka, imeonyesha kwamba kijiji kinaweza kumlea mkutubi wake mwenyewe. Kwa Afrika nzima kuna AfLIA, jumuiya ya maktaba na wakutubi wa Afrika yenye makao yake Accra, ambayo hutoa kozi za mtandaoni. Chuo Kikuu cha Pretoria kiliwahi kuendesha, kwa fedha za shirika la ufadhili la Carnegie la Marekani, mafunzo ya teknolojia kwa wakutubi wa vyuo kutoka nchi sita, Uganda ikiwa mojawapo. Yalikuwa mafunzo mazuri sana, na yaliwalenga wale ambao tayari walikuwa na shahada. Kituo cha Mortenson katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kimewapokea wakutubi wa dunia nzima tangu mwaka 1991. Ukiwa na shahada, Kiingereza kizuri na pasipoti, milango haijafungwa.

Kwa mhudumu wa kaunta, njia iliyonipa matumaini kuliko zote ni ile ya duara la kujifunza. Ilianzia katika maktaba ya umma ya Chicago kwa ushirikiano na shirika la Peer 2 Peer University, na imefika Uganda kupitia EIFL, shirika la kimataifa linalosaidia maktaba, likishirikiana na Maktaba ya Taifa ili kuwafundisha watu stadi za kidijitali ndani ya maktaba za umma. Watu wachache huchagua kozi ya bure ya mtandaoni, hukutana maktabani mara moja kwa wiki kwa majuma sita au nane, na huisoma pamoja. Anayeongoza hahitaji kuwa bingwa wa somo. Kazi yake ni kuandaa chumba, kutunza muda, kuhakikisha asiyesema naye anasema, na pale wote wanapokwama, kuwasaidia kutafuta jibu. Kwa kuwa huo ndio hasa ujuzi wa mhudumu wa maktaba, anapoongoza duara la vijana wanaojifunza kuandika barua pepe na kutumia jedwali la hesabu, anajifunza mwenyewe na anazoea kusimama mbele ya watu. Nimewaona wahudumu waliokuwa wakijibu kwa kichwa tu wakawa watu wa kusikilizwa katika mtaa wao.

Lugha nayo isisahauliwe. Hapa kwetu msomaji anaweza kuanza kwa Kiteso, Kisamia au Kidhopadhola, na akiona haeleweki anahamia Kiswahili, kama afanyavyo dereva wa lori anayesubiri kuvuka mpaka, askari polisi, na mkimbizi kutoka Kongo ambaye Kiingereza hakumwingia shuleni kwa kuwa alisomea Kifaransa. Katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Wakongo wa makabila mbalimbali. Hata hivyo, kila kitini cha mafunzo ya maktaba nilichopokea Uganda kimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, na mhudumu anayekielewa kwa shida hukosa ujasiri wa kukitumia. Wenzetu wa Tanzania wamekuwa wakifanya kazi ya maktaba za umma kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na msamiati wa kuazimisha, kuainisha, kuorodhesha na kuhifadhi wanautumia kila siku. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Kiswahili kule Zanzibar na Baraza la Vyuo Vikuu hapa Kampala. Vitini vya Kiswahili vya wahudumu wa maktaba, vilivyoandikwa kwa pamoja na kutolewa bure, ni kazi ambayo vyombo hivyo vinaiweza bila kutafuta mabilioni, na natamani kuiona ikianza.

Na kuna wasomaji ambao bado tunawafukuza kwa kutojua. Uganda ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2018, unaorahisisha upatikanaji wa vitabu kwa wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 ilikwisha kuruhusu kazi kuandikwa kwa nukta nundu kwa ajili ya elimu ya watu wenye ulemavu. Mhudumu asiyejua hayo humwambia mwanafunzi asiyeona kwamba kumrekodia sura ya kitabu ni kosa, na mwanafunzi huyo harudi tena. Jumatano moja inatosha kuliweka jambo hili sawa.

Wakuu wengi huniambia jambo moja nikilizungumza suala hili: ukimsomesha ataondoka. Ni kweli kwamba wengine huondoka. Vijana niliofanya nao kazi wameenda vyuo vikuu, benki na mashirika ya misaada, na kila mara tumebaki na pengo. Lakini sikubali kwamba dawa ni kumnyima mtu elimu ili abaki akiwa mnyonge. Utumishi wa umma una utaratibu wa likizo ya masomo na wa kumfunga mtumishi kwa mkataba wa kurudi kazini baada ya kusomeshwa, na wilaya zinautumia kwa wahasibu na maafisa wa afya bila mjadala. Kinachowaondoa wahudumu wa maktaba kwa kasi ni kukosa ngazi ya kupanda: anapata cheti, anapata diploma, na cheo chake pamoja na mshahara wake vinabaki pale pale kwa kuwa muundo wa wilaya una nafasi moja tu ya mkutubi na tayari ina mtu. Mafunzo yasiyofuatwa na cheo humfundisha mtu kutazama mlango. Hili haliwezi kumalizwa na semina wala na Jumatano zetu. Ni la tume za utumishi za wilaya na wizara, na chama chetu kinapaswa kulisema kwa sauti kubwa kila mwaka hadi lisikike.

Kwa wanaotaka kuanza mwaka huu, kalenda ni muhimu. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai, na wilaya hujadili makadirio ya mwaka unaofuata miezi mingi kabla ya tarehe hiyo. Ombi la mafunzo linalopelekwa mwezi Mei hufika baada ya meza kufutwa. Letu tumeliandaa mapema, nalo ni fupi: bando la intaneti, vitini na gundi, nauli ya mkutubi mwalikwa mara moja kila robo mwaka, na ada ya cheti cha ukutubi kwa mhudumu mmoja. Tumeambatisha kurasa za daftari la maswali yaliyokosa jibu, ili diwani asome kwa macho yake wapiga kura wake walikuja kutafuta nini wakaondoka mikono mitupu. Katika mstari wa ada hatukuandika tu "mtumishi mmoja". Tumeandika jina la yule mama aliyeipangia riwaya namba, na cheo chake cha sasa, ili fedha zikipitishwa pasiwe na nafasi ya kumpeleka mtu mwingine.